Siri za programu zikae wapi?



Wengi wetu huku ughaibuni tunatengeneza tovuti usiku baada ya kazi: ya chama, ya madrasa, ya kamusi. Mimi niliwahi kuandika neno la siri la hifadhidata ndani ya msimbo wenyewe, nikaupandisha kwa Git mahali pa wazi. Nilipogutuka nikaufuta ule mstari, nikadhani yamekwisha. Wapi! Git hutunza historia yote. Anayetaka anarudi nyuma na kuusoma. Maji yakimwagika hayazoleki. Ilinibidi nibadilishe neno la siri lenyewe.

Dawa yake ni vigeu vya mazingira. Si jambo jipya, Unix toleo la 7 la mwaka 1979 lilikuwa navyo. Ni jina na thamani, mfano DATABASE_URL, ambavyo mfumo unaikabidhi programu inapoanza. Msimbo unajua jina tu. Thamani ni moja kwenye kompyuta yako, na nyingine kwenye seva. Adam Wiggins wa Heroku, katika waraka wake wa The Twelve-Factor App (2011), alitoa kipimo chepesi: je, waweza kuuweka msimbo wako hadharani sasa hivi bila siri kuvuja?

Nyumbani fanya hivi:

1. Weka thamani katika faili la .env. Node inalisoma yenyewe kwa --env-file tangu toleo 20.6 (2023), kabla ya hapo tulitumia dotenv.

2. Liandike .env ndani ya .gitignore kabla hujahifadhi chochote. Kama Git imeshalishika, .gitignore haitasaidia, tumia git rm --cached .env. Hata hivyo historia inabaki, kwa hiyo badilisha siri.

3. Tengeneza .env.example yenye majina bila thamani, mwenzako asihangaike.

4. Programu ikikosa kigeu cha lazima, isimame palepale na itaje jina lake.

Mitego ni miwili. Kwanza, kila thamani ni maandishi: DEBUG=false kwa JavaScript ni neno lenye herufi tano, na neno lisilo tupu huhesabiwa kuwa kweli! Pili, ukitumia Vite, kigeu kinachoanza na VITE_ ukikitumia kwenye msimbo wa ukurasa kinafika hadi kwenye kivinjari cha mgeni. Usiweke siri humo kamwe.

Mwenye nyongeza au masahihisho, karibu.