Moyo Huwa Mgumu Wakati wa Nafuu



Tukisoma habari za Farao wa Misri katika kitabu cha Kutoka, wengi wetu tunakumbuka mapigo kumi tu: damu, vyura, chawa, inzi na mengineyo. Tunasema, "Yule alikuwa mtu mbaya, naye akahukumiwa." Kisha tunafunga Biblia. Lakini hebu tusome tena polepole, kwa sababu kuna jambo moja ndani yake linalohusu sana vikundi vyetu, hasa siku ya kulipa mikopo.

Jambo lenyewe ni hili. Mara tatu Maandiko yanasema wazi kwamba Farao mwenyewe aliufanya moyo wake kuwa mgumu (Kutoka 8:15, 8:32 na 9:34). Na mara zote tatu haikuwa wakati alipokuwa akipigwa. Ilikuwa wakati alipopata nafuu.

VYURA, INZI NA MVUA YA MAWE

Vyura walijaa kila mahali: kitandani, jikoni, hata ndani ya vyombo vya kukandia unga. Farao akawaita Musa na Haruni, akaomba aombewe. Musa akamwuliza, unataka niombe lini? Farao akajibu, kesho. Fikiria hayo! Mtu ana vyura kitandani, anaulizwa waondoke lini, naye anasema kesho. Vyura walipokufa, watu wakawakusanya chungu chungu na nchi ikanuka. Hapo Farao alipoona mambo yametulia, akarudi kwenye ukaidi wake.

Ikawa vivyo hivyo kwa inzi. Ikawa vivyo hivyo kwa mvua ya mawe, na hapo Farao alikuwa amekiri kwa kinywa chake kwamba amekosa. Ngurumo zilipokoma, toba nayo ikakoma.

Tena angalia: kabla ya mvua ile ya mawe Mungu alitoa onyo, watu waingize mifugo ndani. Baadhi ya watumishi wa Farao walisikia wakafanya hivyo, na mifugo yao ikapona. Kwa hiyo hata katikati ya hukumu mlango wa huruma ulikuwa wazi. Onyo ni huruma. Asiyetaka kukuokoa hakuonyi.

JE, SI MUNGU ALIYEUFANYA MGUMU?

Swali hili huulizwa kila mara katika mafunzo, na ni swali zuri. Ni kweli, Mungu alimwambia Musa mapema kwamba ataufanya mgumu moyo wa Farao (4:21 na 7:3). Lakini tufuate mpangilio wa habari. Katika mapigo matano ya kwanza tunasoma kwamba moyo wa Farao ulikuwa mgumu, au kwamba yeye mwenyewe aliufanya hivyo. Ni katika pigo la sita, lile la majipu, ndipo tunapoambiwa kwamba Bwana aliufanya mgumu (9:12). Hilo halimalizi maswali yote, lakini linatufundisha kitu. Kila fundi anajua kwamba sementi ikiwa bado mbichi unaweza kuirekebisha kwa mwiko. Ukiiacha, inashika. Ikishashika, ni nyundo tu.

Wakati wa nafuu ndio wakati ule sementi ingali mbichi. Mtume Paulo anasema hivyo katika Warumi 2:4-5: wema wa Mungu unatuvuta tutubu, na anayeudharau anajiwekea akiba ya hukumu.

MTUMWA ALIYESAMEHEWA

Yesu alifundisha jambo hilo hilo kwa mfano wa deni (Mathayo 18:23-35). Mtumwa mmoja alidaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua kwa siku (Mathayo 20:2). Piga hesabu: ni siku 60,000,000 za kibarua. Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, angehitaji miaka 200,000! Bwana wake akamhurumia, akafuta deni lote.

Mtumwa yule akatoka nje, akakutana na mwenzake aliyemdai dinari 100 tu, kama miezi minne ya kazi. Akamkaba koo. Mwenzake akamsihi amvumilie, yaani maneno yale yale aliyoyasema yeye mwenyewe muda mfupi uliopita. Akakataa, akamtia gerezani.

Mnaona? Moyo wake haukuwa mgumu alipokuwa na deni. Alipokuwa na deni alipiga magoti. Ulikuwa mgumu alipotoka mlangoni akiwa amesamehewa, kama Farao baada ya vyura. Ndipo bwana wake akamwita tena, na safari hii ikawa hukumu.

SASA KATIKA KIKUNDI CHETU

Kuna mioyo migumu ya namna mbili. Wa kwanza ni mkopaji. Analia mbele ya kamati, anaongezewa muda, kisha akifika nyumbani anasahau. Wa pili ni anayedai. Mwaka jana mtoto wake aliugua na kikundi kikamvumilia. Mwaka huu yeye ndiye wa kwanza kusema, "Twendeni tukachukue sufuria zake!"

Je, huruma ni kusema deni lifutwe tu? Hapana. Pesa za kikundi ni jasho la wanachama wote. Lakini Torati inaweka mpaka. Ukichukua vazi la maskini kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijatua, maana ndilo analojifunika usiku (Kutoka 22:26-27). Na mawe ya kusagia yasichukuliwe kabisa, kwa sababu ni kama kuchukua uhai wa mtu (Kumbukumbu la Torati 24:6). Deni linabaki, lakini jembe na blanketi haviguswi. Ukimnyang'anya mtu cherehani anayoshonea, atakulipa na nini?

Basi tujaribu haya:

1. Anayeona hataweza kulipa aje aseme kabla ya siku kufika, asingoje kufuatwa.

2. Kamati iulize sababu. Ugonjwa au ukame si sawa na ukaidi, na haviwezi kuamuliwa kwa njia moja.

3. Akiongezewa muda, tarehe mpya iandikwe katika daftari mbele ya wote, na alipe kidogo wiki hiyo hiyo, hata kama ni shilingi hamsini. Muda usio na tarehe ndiyo ile "kesho" ya Farao.

4. Kikundi kisichukue chombo cha kazi wala kitu ambacho watoto wanakitegemea kwa chakula na kulala.

5. Viongozi wakiombwa vitabu vya hesabu, wavifungue. Watumishi wa Farao walimwambia kwamba Misri imekwisha haribika (10:7), naye hakuwasikia. Ukaidi wa mkubwa mmoja ulilipwa na mifugo na shayiri ya watu wa kawaida.

Mtu peke yake hawezi kuona moyo wake unavyoshika. Ndiyo maana Waebrania 3:13 inatuagiza tuonyane kila siku, maadamu ni leo, asije mmoja wetu akafanywa mgumu. Kukutana kila wiki si kwa ajili ya kuhesabu pesa tu. Ni nafasi ya mwenzako kukuambia kwa upole, "Dada, ile ahadi yako, leo ndiyo siku." Na Mungu ameahidi katika Ezekieli 36:26 kwamba aweza kuuondoa moyo wa jiwe na kutupa moyo wa nyama. Tumwombe hivyo tungali na nafuu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni lini mara ya mwisho kikundi chetu kilikupa nafuu? Uliitumiaje?

2. Kwa nini ni rahisi kusahau tuliyovumiliwa, na vigumu kusahau tunayodai?

3. Katika sheria zetu, ni vitu gani havipaswi kuchukuliwa kwa mwanachama hata akiwa na deni? Viandikeni.

4. Yuko mwanachama aliyeacha kuja kwa sababu ya aibu ya deni? Ni nani atamtembelea wiki hii?