Dawa za Shambani Kutoka Nje: Njia Fupi ni ya Chama

Msimu wa mpunga unapokaribia katika bonde la Rukwa, wakulima wa Majimoto huhitaji dawa za kuua magugu na wadudu. Wapo wanachama wanaoamini kwamba mtu akivuka mpaka kwenda Zambia na kununua madumu mawili kwa ajili ya shamba lake mwenyewe, hahitaji karatasi yoyote, maadamu hafanyi biashara. Imani hiyo si sahihi, nayo yaweza kumpotezea mkulima fedha na msimu wake.

Kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, kiuatilifu kinachoingia nchini sharti kiwe kimesajiliwa, tena kiwe na kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), yenye makao makuu Arusha. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Sumu ikimwagika katika mfereji wa maji hudhuru watu na mifugo sawasawa, iwe ilinunuliwa kwa shamba la mtu mmoja au kwa duka.

Wengine hutaja Cheti Rahisi cha Uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Cheti hicho huwasaidia wafanyabiashara wadogo kupitisha bila ushuru wa forodha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Hata hivyo, hakichukui nafasi ya kibali cha viuatilifu. Na Zambia si mwanachama wa Jumuiya hiyo.

Nafuu imekwisha kupatikana kwa upande mmoja. Sheria ya mwaka 2020 iliunganisha kazi za iliyokuwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu (TPRI) na zile za afya ya mimea zilizokuwa chini ya wizara, zikawa katika mamlaka moja. Nafuu iliyobaki yaweza kuletwa na vyama vya msingi vyenyewe, kwa utaratibu ufuatao:

1. Katibu aorodheshe mahitaji ya wanachama mapema, kabla ya mvua.

2. Chama kinunue kwa pamoja kutoka kwa muuzaji aliyesajiliwa. Hapo mzigo wa vibali vya kuingiza humwangukia mwagizaji, na mwanachama hubaki na stakabadhi tu.

3. Dawa ikipokewa, zikaguliwe namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelezo ya Kiswahili. Utazamwe pia mstari wa rangi chini ya kibandiko: nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, kisha buluu; kijani ndiyo yenye hatari ndogo.

4. Kila dumu liandikwe katika daftari la ghala, pamoja na jina la aliyelichukua.

Dumu lisilo na karatasi laweza kukamatwa njiani. Likipita, mkulima hana wa kumdai mpunga ukiungua. Makatibu wanaombwa kulifikisha jambo hili katika mkutano mkuu wa wanachama kabla ya maagizo ya pembejeo kufungwa.