Mtoto Anataka Kuimba Kwenye Televizyo: Mama Aulize Nini?



Kila mara mashindano ya kuimba yakipita kwenye televizyo, kesho yake sisi walimu tunayasikia masomoni. Wakati wa rekreasyo watoto wanagawana kazi: mmoja anaimba, watatu wanampa mgongo, halafu wanageuka na kumpigia makofi. Kisha jioni mama mmoja anatungoja kwenye mlango wa masomo: «Mwalimu, mtoto wangu ana sauti nzuri. Anataka kwenda kujaribu. Nimuache aende?»

Swali hili tumelisikia Katuba, tumelisikia Kenya na Ruashi. Tumeona tulijibu hapa, ili vikundi vyetu vilizungumze pamoja.

Mashindano yenyewe yanaendaje?

Mchezo wa viti vinavyogeuka, The Voice, ulianza Uholanzi mwaka 2010. Waamuzi wanasikia sauti kwanza bila kuona uso; anayeipenda anabonyeza na kiti chake kinageuka. Nchi nyingine zilinunua ruhusa ya kutengeneza mchezo wao wenyewe. Nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa zilipata wao mwaka 2016, The Voice Afrique Francophone. Kati ya walimu wake walikuwemo Charlotte Dipanda wa Kameruni, na Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu. Afrika Mashariki ilikuwa imetangulia na Tusker Project Fame, iliyoanza mwaka 2006. Hapa kwetu Kongo tulikuwa na Vodacom Superstar.

Programu za namna hii zina gharama kubwa. Zinaishi kwa matangazo, na mara nyingi kwa kura za watazamaji. Kura inatumwa kwa simu, kila ujumbe unakula mayunite, na mara nyingi mtu mmoja anaweza kutuma nyingi anavyotaka. Kwa hiyo mtoto mwenye ndugu wengi na wenye pesa anaweza kumpita mwenye sauti nzuri zaidi. Tuwaeleze watoto jambo hili kabla hawajaenda. Asiyepigiwa kura asifikiri kwamba hajui kuimba.

Kile ambacho televizyo haionyeshi

Wengi wetu tunamjua Innoss'B, kijana wa Goma aliyezaliwa mwaka 1997. Mwaka 2010 alishinda Vodacom Superstar, akiwa na miaka 13 tu. Watoto wetu wanalishika hilo moja: mtoto kama wao alipanda jukwaani akashuka nyota. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameimba na kucheza pamoja na kaka zake katika kundi lao, Maisha Soul. Jukwaa lilimkuta amekwisha kuzoea kazi. Na wimbo wake «Yo Pe», uliovuka mipaka hadi Diamond Platnumz wa Tanzania akaingia kuuimba naye, ulitoka mwaka 2019. Tuhesabu: ni miaka tisa baada ya ushindi. Katika miaka tisa mtoto anatoka darasa la kwanza la msingi anaingia humanité.

Tumtazame na Alpha Rwirangira wa Rwanda. Alishinda Tusker Project Fame mwaka 2009, kisha akaenda Marekani kusoma chuo kikuu. Lokua Kanza naye alisoma muziki Kinshasa. Mtoto anayesema «mimi nitakuwa mwimbaji, hesabu ni za nini?» aambiwe habari za hawa.

Kukataza au kusukuma

Kuna mama anayekataza kabisa, kwa sababu kwake muziki ni baa, usiku na uhuni. Hofu yake tunaielewa, zaidi kama mtoto ni binti. Ila binti anayekatazwa bila maelezo anaweza kwenda kwa siri, na aliyekwenda kwa siri, akikutana na mtu mbaya huko, anaogopa kuita nyumbani. Hapo ndipo hatari yenyewe ilipo.

Kuna pia mama anayesukuma. Anamsifu mtoto mbele ya kartiye nzima, anakopa, anahesabu nyumba atakayojengewa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtoto wa namna hii akianguka, anaanguka na madeni ya mama yake mabegani.

Tulikuwa na mwanafunzi wa pili ya humanité aliyeshindwa siku ya kwanza tu ya mashindano fulani hapa mjini. Aliporudi darasani wenzake walimcheka, na kwa muda mrefu hakuinua mkono kujibu hata swali analolijua. Mama yake hakumgombeza, wala hakuwatukana waamuzi. Jumapili alimpeleka kwenye kwaya kama kawaida, akamwambia: «Pale uliimba ili wakuchague. Hapa imba tu.» Ilichukua majuma kadhaa, lakini alirudi kuinua mkono, na sauti yake haikupotea.

Mambo ya kuuliza kabla mtoto hajaandikishwa

Nani anaweka sahihi? Mtoto ambaye hajatimiza miaka 18 hajifungi peke yake kwa mkataba. Mzazi asome kila ukurasa, na kama Kifaransa chake ni kigumu, amtafute mtu wa kumsomea. Abaki na kopi nyumbani.

Nani anamsindikiza? Mtoto asiitwe peke yake kwa «jaribio» usiku, ndani ya hoteli au nyumbani kwa mtu. Kama kuna safari, tujue analala wapi, na ni mwanamke gani anayelala karibu na mabinti.

Nani anaomba pesa? Mtu akisema mtoto atapita mkimpa kitu, au binti atapita akimkubalia kitu, safari inaishia hapo. Tusinyamaze, tuwaambie na wazazi wengine.

Masomo yatakuwaje? Tulinganishe tarehe za mashindano na za mitihani, kisha tuonane na mwalimu mapema. Mwalimu aliyejulishwa anaweza kusaidia.

Mayunite ya kura yatatoka wapi? Tupange kiasi tangu mwanzo. Pesa ya minerval, pesa ya unga na pesa ya likelemba zisiguswe.

Akishindwa, siku hiyo tutamwambia nini? Tujibu swali hili kabla hajaondoka nyumbani.

Na kama hakuna mashindano?

Sauti inalelewa kila juma, karibu na nyumbani: kwenye kwaya, kwa watoto wa Kizito-Anuarite, kwenye sikukuu ya masomo. Huko mtoto anajifunza kushika sauti yake, kufika kwa saa, na kumsikiliza mwenzake. Siku mashindano yakija, awe tayari. Yasipokuja, hajapoteza kitu.

Kwa mazungumzo ya kikundi juma hili:

1. Katika nyumba zetu, mtoto anaweza kutuambia waziwazi kwamba anataka kuimba? Kama hapana, anaogopa nini?

2. Mama mmoja wa kikundi akiwa kazini au sokoni, nani kati yetu atasindikiza binti yake?

3. Tunajua watu gani hapa Lubumbashi wanaoweza kutusomea mkataba bila kutudai pesa?