Fahamu: Mchikichi, mti wa mafuta mekundu ya Kyela

Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi haiufai mchikichi. Teremka hadi Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, utaikuta michikichi imejaa mashambani. Asili yake ni Afrika Magharibi.

Mvunaji hukata mkungu kwa panga au shoka. Chikichi huchemshwa, hutwangwa, kisha hukamuliwa mawese. Wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Inasikitisha kwamba kiwandani, mafuta yakisafishwa, hazina hiyo hupotea. Kokwa nazo hutoa mafuta ya sabuni.

Tangu 2018 Serikali inalihimiza zao hili, Kigoma ikitangulia. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, mkoani humo, huzalisha mbegu za aina ya tenera, yenye nyama nyingi na gamba jembamba kuliko dura, aina ya wazee wetu. Kyela nayo inastahili miche hiyo mapema, maana mti huchukua miaka 3 hivi kuanza kuzaa.