Pedali ndogo ya gita, milio mingi: Mambo ya kuangalia kabla mtaji haujalala dukani

Na Mwandishi Wetu

MIAKA mingi kabla Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haujaanza kazi mwaka 2005, gita la umeme lilikuwa limekwisha kuvuka mipaka ya ukanda huu. Daniel Owino Misiani alizaliwa Shirati, Tanzania, akajipatia jina kwa muziki wa benga nchini Kenya. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walitoka Tanga na kuishia Nairobi, ambako walijulikana kwa bendi ya Simba Wanyika. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akawa nyota wa Dar es Salaam.

Siku hizi vifaa vya wanamuziki nao vinasafiri, mara nyingi ndani ya begi la mfanyabiashara aliyekwenda kufuata simu, spika au nyaya. Mwanamuziki wa bendi au kiongozi wa kwaya humwambia, "Ukipita huko niletee pedali ya gita, ile ndogo yenye milio mingi." Agizo hilo linaonekana rahisi, lakini lina mtego. Pedali za aina hiyo zipo nyingi, na zinafanana kwa umbo. Bei zake ni tofauti sana, na si kila moja inafaa kazi ambayo mteja anaikusudia. Anayenunua kwa kuangalia picha kwenye boksi anaweza kurudi na kifaa ambacho mteja atakikataa.

Kazi ya pedali

Pedali hukaa chini, mbele ya mpiga gita, kati ya gita na amplifaya. Anaikanyaga kwa mguu ili kubadilisha mlio bila kuacha kupiga. Pedali ya kawaida hufanya kazi moja tu. Kampuni ya Boss ya Japani, iliyo chini ya Roland, ilianza kuuza pedali zake ndogo za namna hiyo mwaka 1977, na hadi leo wapo wapigaji wanaozipanga nne au tano kwenye ubao mmoja. Ubao huo ndio unaoitwa bodi ya pedali.

Pedali ya milio mingi ina kompyuta ndogo ndani yake. Kisanduku kimoja hufanya kazi ya pedali kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa bendi inayosafiri kwa basi kutoka mji hadi mji, faida yake iko wazi: mzigo mdogo, nyaya chache, adapta moja badala ya tano. Mwenye bodi iliyokwisha kupangwa naye huitumia kujaza pengo, kwa kuongeza milio michache asiyokuwa nayo bila kutafuta nafasi ya pedali nyingine tatu.

Swali la kwanza: Mteja anapiga muziki gani?

Kabla ya kuuliza bei, mfanyabiashara amuulize mteja kazi atakayoifanyia pedali hiyo. Jibu ndilo linaloamua kitu cha kununua.

Mpigaji wa sebene au wa chemko katika bendi ya dansi anahitaji sauti safi, inayong'aa, ambayo kila nota inasikika hata mkono ukikimbia. Milio anayoitegemea ni mitatu hivi. Wa kwanza ni kompresa, inayosawazisha nguvu ya nota ili zile dhaifu zisipotee. Wa pili ni korasi, inayofanya gita moja lisikike kama mawili yanayopigwa pamoja. Wa tatu ni dilei fupi, yaani mwangwi unaoirudia nota mara moja au mbili. Mpigaji huyu hana haja kubwa ya distosheni, ule mlio wa kukwaruza unaopendwa kwenye roki.

Mpigaji wa kanisani mara nyingi hutaka dilei ndefu inayokwenda sawa na mwendo wa wimbo, pamoja na rivabu, ule mvumo unaofanya chumba kidogo kisikike kama ukumbi mkubwa. Anahitaji pedali ambayo mwendo wa dilei unaweza kuwekwa kwa kuikanyaga kwa kufuata ngoma.

Mpigaji wa tatu ni yule asiye na amplifaya. Katika kumbi nyingi gita huchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, na sauti hutoka kavu na kali. Huyu anahitaji pedali inayoiga sauti ya amplifaya pamoja na spika yake. Kipengele hicho kikikosekana, milio mingine mia moja haitamsaidia.

Modeli tatu zinazoonyesha tofauti

Zoom, kampuni nyingine ya Japani, ilitoa MS-50G mwaka 2012. Upana wake ni kama sentimita 8 na urefu kama sentimita 13, karibu sawa na pedali moja ya Boss. Inaweza kutumia milio sita kwa pamoja, na ndani yake kuna ya kuiga amplifaya. Kwa miaka mingi bei yake Marekani ilikuwa takriban dola 100. Toleo lililoirithi, MS-50G+, lilitoka mwaka 2023.

Mwaka 2013 kampuni hiyohiyo ilitoa MS-70CDR. Umbo lake ni lilelile, lakini kazi yake ni tofauti: imejikita kwenye korasi, dilei na rivabu, na haina ya kuiga amplifaya. Kwa mwenye bodi iliyo tayari na distosheni yake, hiyo ni nyongeza nzuri. Kwa yule wa kuchomeka kwenye mikisa, si yenyewe. Pedali mbili zinazofanana hivi zinaweza kumponza mnunuzi asiyesoma namba ya modeli hadi mwisho. Mteja anapoagiza, aandike namba nzima pamoja na herufi zake, na alama ya kujumlisha kama ipo.

Upande wa juu kuna HX Stomp ya Line 6, kampuni ya Marekani iliyo chini ya Yamaha. Ilitoka mwaka 2018 kwa takriban dola 600. Ukubwa wake ni kama sentimita 18 kwa 13, na ina swichi tatu za mguu badala ya moja. Inaiga amplifaya kwa ubora wa hali ya juu, na ikiunganishwa na kompyuta inaweza kutumika kurekodi. Mwanzoni ilibeba milio sita kwa pamoja. Programu ya toleo la 3.0, iliyotoka mwaka 2020, iliongeza ikawa minane. Kwa hiyo anayenunua iliyotumika aangalie toleo la programu iliyomo.

Kwa mtaji wa dola 3,000, hesabu ya haraka kabla ya usafiri na kodi inaonyesha HX Stomp tano, au pedali 30 za dola 100. Zile 30 zinaonekana kuvutia, lakini wapiga gita si wengi kama wanunuzi wa simu. Iliyo salama zaidi ni ile iliyoagizwa kwa jina na mteja aliyekwisha kutoa malipo ya awali, hata kama ni moja.

Wingi wa milio nao usimdanganye mtu. Boksi linaweza kutangaza milio zaidi ya mia, lakini mpigaji mmoja hutumia michache kwa usiku mzima. Pia kompyuta ya ndani ina kikomo: milio mizito kama rivabu kubwa na ya kuiga amplifaya ikiwekwa pamoja, nafasi inaweza kujaa kabla hata ya kufikia idadi iliyoandikwa. Swichi ya mguu ni muhimu kuliko idadi hiyo. Mwanamuziki anayebadilisha milio mara kwa mara katikati ya wimbo atataabika na pedali ya swichi moja.

Umeme ndio unaounguza

Hasara kubwa hutokea kwenye adapta. Pedali nyingi hutumia volti 9, na katikati ya plagi yake ndogo huwa hasi. Adapta nyingi za ruta za intaneti na kamera za ulinzi zina chanya katikati, na baadhi ni za volti 12. Plagi inaingia vizuri, lakini pedali inaweza kufa papo hapo. Alama ya duara yenye hasi na chanya, iliyochapishwa kwenye adapta na kwenye pedali, ni lazima zilingane.

Kipimo cha pili ni miliampea, yaani kiasi cha umeme ambacho adapta inaweza kutoa. Pedali ya kawaida ya distosheni hula miliampea chache tu. MS-50G imepangiwa adapta ya miliampea 500, na HX Stomp huja na ya ampea 3. Adapta ikiwa na uwezo mkubwa kuliko mahitaji ya pedali, hakuna ubaya. Ikiwa na uwezo mdogo, pedali itazimikazimika jukwaani. Kuchomeka pedali ya kompyuta na pedali nyingine za kawaida kwenye adapta moja nako kunaweza kuleta mlio wa kuvuma.

Kwa bidhaa zilizotumika kutoka Japani au Marekani, hatari iko upande wa ukutani. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100 na Marekani ni 120, wakati Afrika Mashariki ni kati ya 220 na 240. Boss huonyesha jambo hilo kwenye jina la adapta: PSA-100 ni ya Japani, PSA-120 ni ya Marekani, PSA-230 ni ya Ulaya. Adapta iliyoandikwa volti 100 peke yake haifai kuchomekwa ukutani Arusha wala Goma. Iliyoandikwa 100 hadi 240 haina shida.

Hata umbo la plagi hubadilika njiani. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia plagi ya pini tatu za mraba, wakati Burundi na Kongo hutumia za mviringo. Mfanyabiashara anayenunua Nairobi kwa ajili ya mteja wa Bujumbura aongeze kigeuzi kwenye hesabu yake. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, MS-50G ina faida ya kukubali betri mbili za AA. HX Stomp haitumii betri.

Kupima kabla ya kulipa

Pedali haipaswi kununuliwa bila kuwashwa. Dukani, mnunuzi aombe gita na amplifaya, au aende na mtu anayejua kupiga. Akanyage kila swichi mara kadhaa, azungushe kila kitufe, atikise kidogo waya kwenye matundu ya kuingilia na kutokea. Mkwaruzo au sauti inayokatika ni dalili ya ubovu. Skrini isomeke yote. Namba ya kifaa iliyo chini ya pedali ilingane na ya kwenye boksi. Risiti iandikwe jina la modeli na namba hiyo, si "kifaa cha muziki" tu.

Mpakani: Uasili haubadiliki

Wafanyabiashara wadogo wengi wanaujua Mfumo Rahisi wa Biashara wa Jumuiya, unaoruhusu bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili. Mfumo huo ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama. Pedali zilizotajwa hapa zimetengenezwa nje. Hata ikinunuliwa kwenye duka halali la Kampala au Nairobi, pedali haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki, na cheti hicho hakiihusu.

Bidhaa kutoka nje hutozwa kwa Ushuru wa Pamoja wa Forodha, wenye viwango vya asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35. Kiwango hutegemea namba ya bidhaa kwenye kitabu cha ushuru. Gita liko kwenye Sura ya 92 ya ala za muziki, lakini pedali ni kifaa cha kielektroniki na inaweza kuwekwa Sura ya 85. Wakala wa forodha aulizwe namba hiyo kabla ya kununua, si baada ya mzigo kufika Namanga au Busia. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida ni asilimia 16 Kenya na Kongo, na 18 Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania Bara.

Aliyenunua bidhaa iliyokwisha kulipiwa ushuru katika nchi moja ya Jumuiya abebe nakala ya karatasi za forodha za mwenye duka, pamoja na risiti yake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mbele ya ofisa wa forodha bidhaa isiyo na karatasi ni vigumu kuitetea.

Mwanamuziki anayevuka na pedali yake kwa onyesho la siku mbili yuko kwenye fungu jingine. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 ina utaratibu wa vitu vinavyoingia kwa muda na kurudi. Aandae orodha ya vifaa na namba zake, aionyeshe wakati wa kuingia, na aitunze hadi atakapotoka. Bendi iliyofanya hivyo ina cha kuonyesha ikiulizwa wakati wa kurudi kama vifaa vyake ilivinunua huko.

Kwa anayechukua agizo wiki hii, mambo ya kuandika kwenye daftari kabla ya kupanda basi ni matano: namba kamili ya modeli, kama mteja ana amplifaya au anatumia mikisa, volti na miliampea za adapta, namba ya ushuru kutoka kwa wakala, na kiasi cha malipo ya awali alichopokea.