Mabawabu wa Yai la Mwambani

Mvuvi wa pwani yetu aliyechomwa wayo mwambani, maji yalipokupwa, na yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mithili ya nungunungu, hana habari kwamba ndani ya hasimu wake huyo mna mayai ambayo wanazuoni wa elimu ya viumbe wameyatazama kwa hadubini kwa zaidi ya miaka 100, wakitafuta ni nani hasa aiamuruye seli ikue na kugawanyika.

Shuleni tulifunzwa kwamba sultani wa seli ni kiini chake, nasi tukamtukuza sultani tukamsahau bawabu, yaani ule utando uizungukao seli, ambao unene wake haufiki sehemu 1 katika 100,000 ya milimita, na ambao protini zimepangwa ndani yake mfano wa milango, kila mmoja ukipitisha chumvi yake au sukari yake na kuizuia nyingine. Naona bawabu huyu amedhulumiwa, na shahidi wangu ni yai hilo la mwambani.

Kabla ya kukutana na mbegu ya dume, yai hukaa kimya, na ndani yake mna uchachu kidogo. Mbegu ikishaingia, kalsiamu iliyohifadhiwa humo hufunguliwa ikalipita yai zima kama wimbi, na baada ya dakika chache milango ya utando huanza kubadilishana: sodiamu ya maji ya bahari huingia, hidrojeni hutoka, hata uchachu ule ukapungua kadiri ya nusu, na hapo ndipo utengenezaji wa protini ushikapo kasi. Mwaka 1976 watafiti Johnson, Epel na Paul walibainisha kwamba mabadilishano hayo ni sharti: yai lililokwisha kuingiwa na mbegu, likihamishwa upesi katika maji yasiyo na sodiamu, halikui.

Miaka 4 kabla yao, Robert Holley wa Marekani alikuwa ametoa rai kwamba huenda saratani nayo yatokana na utando uliolegea, upitishao chakula kupita kiasi. Rai hiyo haikutosha peke yake, lakini iliwafanya wengi wautazame mlango.

Ajabu iliyonishika zaidi ni ya Daniel Mazia na wenzake, waliotia amonia kidogo katika maji yenye mayai yasiyoguswa na mbegu yoyote. Amonia ikapenya, uchachu ukapungua, na nyuzi za urithi zikaanza kunakiliwa na kujikunja tayari kwa mgawanyo, ndani ya yai lisilo na baba.