Anayejizuia Kupiga Kura Naye Ameamua

Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zikapinga, 35 zikajizuia kupiga kura. Kenya na Rwanda ziliunga mkono; Tanzania, Uganda na Burundi zikawa miongoni mwa zile 35.

Ni rahisi kuziita nchi hizo mguu ndani, mguu nje. Lakini mjumbe ukumbini ana vitufe vitatu: kijani cha ndiyo, chekundu cha hapana na cha manjano cha kujizuia. Anayebonyeza manjano, msimamo wa nchi yake huandikwa. Siku ile nchi 12 hazikubonyeza chochote. Hizo ndizo zilizokaa kando kabisa.

Uzito wa kujizuia hutegemea ukumbi. Katika Baraza Kuu, masuala ya amani na usalama huamuliwa kwa theluthi mbili ya wanachama waliohudhuria na kupiga kura, na aliyejizuia hahesabiwi kuwa amepiga. Kwa hiyo theluthi mbili ilitafutwa katika kura 146 badala ya 181. Kura 98 zingetosha. Waliojizuia waliwarahisishia kazi wenye hoja.

Baraza la Usalama lina hesabu nyingine. Azimio hupita likipata kura 9 kati ya 15, mradi hakuna mjumbe wa kudumu aliyelipinga. Tisa hiyo haishuki hata wakijizuia wangapi. Kwa hiyo mjumbe asiye wa kudumu anapojizuia, matokeo ni yaleyale ya kupinga. Kwa wale watano wa kudumu, kujizuia ni kuacha mlango wazi: desturi tangu 1946 ni kwamba hakuhesabiwi kuwa kura ya turufu, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilithibitisha hivyo mwaka 1971.

Mfano ni Libya. Machi 17, 2011, azimio namba 1973 la kuruhusu nguvu itumike kulinda raia lilipita kwa kura 10. China, Urusi, Ujerumani, India na Brazil zilijizuia. China au Urusi ingeweza kuliua peke yake. Baadaye zote mbili zililalamika kwamba NATO, katika kulitekeleza azimio hilo, imevuka mipaka yake, lakini mlango zilikuwa zimeuacha wazi zenyewe.

Basi ukisikia nchi imejizuia, usikimbilie kuiita yenye woga wala yenye busara. Uliza kwanza ni ukumbi gani, na ushindi humo huhesabiwaje.